Ndege Nisiowala

Mpaka leo mtu akinisifia ukarimu wa watu wa pwani, mimi hunyamaza. Nimekaa Kigombe zaidi ya miaka miwili. Ukarimu wao naujua, na naujua unavyokwisha.

Nilikuwa karani wa shamba la mkonge, Mshambaa, Mlutheri, sijaoa. Kambi ya shamba ilinishinda kwa pombe na ugomvi, nikapanga chumba kijijini kwa mama mmoja mjane aliyeishi na bintiye. Nilipopata malaria aliniuguza siku tisa, akinilisha uji kwa mkono wake. Mama yangu mzazi alikufa ningali mdogo. Basi nikajiona nimepata mwingine, mjinga mimi.

Jumapili kanisa lilikuwa mbali, kwa hiyo alfajiri nilishuka ufukweni kutazama ndege. Nilikuwa na darubini niliyoachiwa na msimamizi mmoja Mgiriki aliporudi kwao. Kipupwe ndicho kilikuwa kizuri. Wenyeji wamejikunyata kwa baridi, mimi wa milimani nimevaa shati tu, maji yamekupwa mbali, na kwenye tope la mikoko wamejaa kitwitwi na yangeyange. Nilitembea hadi jua linapopanda, nikiandika daftarini nani yupo, anakula nini, anaelekea wapi. Kwa faida gani? Hakuna. Nilipenda tu.

Sasa, maji yakikupwa ndipo wanawake wa kule hushuka kutanda dagaa. Huingia majini wawili wawili wakikokota kitambaa, kanga wamezikunja juu ya mapaja, na wanaume wenye adabu saa hiyo hawapiti upande ule. Hilo sikuambiwa, wala sikuuliza. Kwetu hakuna bahari.

Jumapili moja ya Julai mwanamke mmoja aliinua kichwa akaona darubini imemwelekea. Akatoka majini mbio. Nilipofika nyumbani nikakuta wazee barazani, jumbe katikati yao, na mama kasimama mlangoni.

"Shikamooni," nikasema. Hakuna aliyeitikia.

"Unatazama nini kule?" jumbe akauliza.

"Ndege, mzee."

"Unawala?"

"Hapana."

"Unawauza?"

"Hapana."

"Mwanamume mzima anaamka alfajiri kutazama ndege asiowala. Kijana, unatuona sisi watoto?"

Nikamgeukia mama nikamwomba twende akajionee mwenyewe. Nilikuwa na hakika kabisa akiwaona wale ndege atanitetea. Tukashuka, wazee nyuma yetu. Nikamvisha mkanda wa darubini shingoni, nikamwonyesha mikoko waliko yangeyange. Hakuwa amewahi kushika darubini, ikamponyoka kidogo pembeni, ikatua kwa wanawake waliokuwa bado majini. Akaganda hapo.

"Naona mpaka kovu la goti la binti yangu," akasema taratibu. Kisha akanigeukia. "Na mimi nikija hapa, ulikuwa unaniona hivi?"

"Mama, mimi nilitazama ndege."

"Nimekuuliza kama ulikuwa unaniona."

Wanawake walipita mle kwenye vioo, ndiyo, kila Jumapili, nami nikawapita nikawafuata ndege. Nikasema ndiyo. Jumbe akakohoa, wazee wakageuza, wakarudi kijijini.

Adhuhuri sanduku langu lilikuwa nje, nguo zimekunjwa vizuri, godoro limeviringishwa na kufungwa kamba. Mlango umefungwa. Nikabisha, nikamwambia mama kupitia ubao wa mlango kwamba naapa, sikuwahi kumtamani hata mmoja wao.

Alikuwa karibu sana, nilimsikia akipumua.

"Najua," akasema. "Ungekuwa wa hivyo, siku ya kwanza tu ningekujua. Lakini hawa ndio watakaonizika."

Nikajitwika godoro. Asiyeniamini ningemsamehe zamani. Huyu aliniamini, akanifukuza.