Siku Niliyokataa Kumshusha Shemeji

Mimi niliishia darasa la tatu, huko juu milimani Kivu ya Kusini, na leo watu wa Columbus, Marekani, wenye digrii wananipigia simu niwafundishe watoto wao kucheza simba. Nalisema mapema ili msomaji ajue anasoma maneno ya nani. Kampuni ya usafi ninayo. Magari yenye jina langu ubavuni yanazunguka Gahanna mpaka uwanja wa ndege. Jioni naenda Clintonville, kwenye shule ya kungfu, ambako timu ya simba niliianzisha mimi. Hakuna aliyenishika mkono. Ila yuko mmoja aliyenifanya nichekwe, na huyo ndiye habari yangu.

Simba ninayemsema si wa porini. Ni simba wa Kichina: kichwa kikubwa cha mianzi na karatasi, chenye kope zinazopepesa na mdomo unaofunguka, na nyuma yake kitambaa kirefu chenye manyoya. Watu wawili wanaingia ndani. Mmoja anabeba kichwa. Mwingine anainama nyuma yake, amemshika mkanda wa kiunoni, na huyo ndiye mkia. Wa mbele anapigiwa makofi. Wa nyuma haoni kitu isipokuwa visigino vya mwenzake. Lakini simba akisimama wima, akipanda juu, jua kwamba mkia ndiye aliyemwinua.

Nilianzia Louisville, miaka yangu ya kwanza Marekani. Mchana nilipakua makasha kwenye depo, jioni niliingia shule ya kungfu kwa sababu ilikuwa jirani na kwetu na mlango ulikuwa wazi. Mwalimu, mzee wa Kichina mwenye maneno machache, alinitazama mabega akasema, "Wewe, mkia." Bon, nikawa mkia. Kichwa alikuwa shemeji yangu, binamu wa mke wangu, mtoto wa mjini Uvira, mwepesi wa miguu na wa mdomo. Kila duka jipya, kila mwaka mpya wa Kichina, yeye juu, mimi chini. Sikulalamika. Nilijua nina nguvu kuliko wote pale, na bado ninazo.

Kisha shule ikapata simba mpya. Desturi yao ni kwamba simba mpya amelala mpaka apakwe rangi machoni. Ndipo anaamka, anatikisika, anacheza. Mwalimu aliwaalika jamaa zetu waone. Baba mkwe alikuja na fimbo yake na kofia yake, akakaa mbele. Tulicheza vizuri sana. Wakati wa chakula akamuuliza mke wangu, "Na mume wako alikuwa wapi? Miye sikumuona."

Kabla sijafungua mdomo, shemeji akadakia. "Ulimuona, muzee. Ule ni matako ya simba."

Baba mkwe alicheka mpaka akapangusa machozi. Mke wangu aliangalia sahani yake. Kwetu, mbele ya baba mkwe hata kutafuna unatafuna kwa heshima, na huyu wangu anacheka matako yangu katikati ya watu! Tangu siku ile jina langu likapotea. Mzee akipiga simu, "Mukia yuko?" Akija kwangu, "Mukia, kazi inaendaje?" Na shemeji pembeni anakohoa kicheko.

Nikahama. Nilikwenda Columbus na gari bovu na nia mbaya, na vyote viwili vilinifikisha. Donc, basi, nilipokuwa nimeshasimama, baba mkwe naye alikuwa amehamia Buffalo kwa mtoto wake wa mwisho, na huyo mtoto akataka kuoa.

Hapo ndipo penye uzito. Kwetu ndoa ina msemaji: mtu mmoja anayesimama mbele ya wakwe na kuongea kwa niaba ya ukoo mzima. Akishachaguliwa, kila mtu anajua mwanaume wa nyumba ile ni nani. Majina yalikuwa mawili, langu na la shemeji. Mke wangu aliongea na baba yake kwenye simu, akarudi na uso mzito.

"Anasema nini?"

"Anauliza mkia utaongea kwa mdomo gani."

Nilikuwa najua kwamba juma lile lile la harusi timu yangu imealikwa Buffalo kwenye sherehe ya mwaka mpya wa Kichina, na ile ya Louisville pia.

Ukumbi ulikuwa mkubwa, wenye roshani. Baba mkwe alikuwepo, na shangazi za mke wangu, wamejifunika mablanketi kama wako nje. Vijana wangu walicheza kwanza, na waliwasha moto. Kisha nikamuona mwalimu wa zamani anakuja kwangu. Mkia wao ameteguka kiwiko akishusha ngoma kwenye gari. Je, ningewasaidia? Nyuma yake shemeji anatabasamu.

"Mukubwa, nafasi yako ya zamani iko wazi. Bado unajua kuinama?"

"Najua," nikasema, na nikaingia chini ya kitambaa kabla hajabadili mawazo.

Mtu mwenye akili asingenipa mkanda wake. Alisahau desturi alizofundishwa pamoja nami: kichwa cha simba hakivuliwi mbele ya watu, ni mkosi, na aliye ndani hana ruhusa ya kujitoa. Donc, kama kuna ugomvi, unaishia humo humo.

Saladi ilikuwa imefungwa kwenye ukingo wa roshani, maana simba lazima ale majani na kuyatema, ndiyo baraka. Ngoma ikapanda. Nikamwinua shemeji mpaka mabegani. Akala, akatupa majani, watu wakapiga kelele. Akanigonga kifuani kwa kisigino, ishara ya kushuka. Nikambana miguu, nikaanza kutembea.

"Shemeji, nishushe."

"Bado."

"Imeisha bwana, nishushe!"

"Muzee amekaa wapi? Huku sioni kitu."

"Mbele, kushoto. Unafanya nini wewe?"

Ngoma ya simba hufuata kichwa. Kichwa kilikuwa kinatetemeka, basi mpigaji naye akazidi kutetemesha vijiti, na ukumbi mzima ukadhani ni ufundi. Nilifika nikaona viatu vya baba mkwe na ncha ya fimbo.

"Sasa fungua mdomo wa simba, umwambie nani amekubeba."

"Una wazimu!"

Nikalegeza mkono mmoja. Kidogo tu.

"Ni shemeji!" akapiga ukelele. "Muzee! Nimebebwa na shemeji!"

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Tangu Louisville! Siku zote ni yeye! Muzee, umwambie anishushe!"

Wachina na Wamarekani walipiga makofi, walidhani ni dua ya zamani. Shangazi mmoja alipiga yowe: "Jamani, simba anaongea Kiswahili!" Ndipo nikasikia fimbo inanigusa mguu, taratibu.

"Mwanangu," baba mkwe akasema, "mshushe. Ameshasema."

Hajawahi kuniita hivyo. Nikamshusha, tukainama kama inavyotakiwa, tukatoka.

Nyuma ya pazia shemeji alikuwa amelowa jasho. "Ungeniua!"

"Nimekubeba miaka yote ile," nikamwambia, "ni leo umegundua naweza kukuangusha?"

Mchungaji wetu aliposikia alinipigia simu nimsamehe shemeji. Nikamwambia nitalifikiria harusi ikipita.

Jioni ile ile ya simba baba mkwe alimtaja msemaji mbele ya wote, na hakutamka jina la shemeji. Na msemaji kwetu haongei tu. Ndiye anayegawa kazi. Nikazigawa. Huyu vinywaji, yule viti, huyu kuwapokea wakwe. Shemeji nilimweka mlangoni apokee makoti.

Buffalo, mwezi wa pili, koti ni zito na limejaa theluji, na wageni waliitika kwelikweli. Mimi nilisimama katikati ya ukumbi na maikrofoni, nikaongea polepole, nikarudia salamu za ukoo hata pale zisipohitajika. Kila nilipotazama mlango, mikono yake ilikuwa imejaa.