Mchoraji Aliyezichukia Fremu

Kabla ya vita, kila Jumamosi mchoraji huyu aligonga kwa fimbo dirisha la karakana yetu ya fremu hapa Milano na kunitania: "Dada, bado unayapamba majeneza ya picha? Vita vikija vitayafagia, pamoja na makumbusho yenu!" Nami niliendelea kubandika kwenye fremu dhahabu nyembamba kuliko karatasi, nikibana pumzi ili isipeperuke. Jana aliingia bila fimbo, kofia mkononi, akalaza mezani picha ya rafiki yake, yule ambaye waliondoka pamoja kwenda vitani wakiimba. Alitaka fremu pana, ya dhahabu tupu, kama zile za watakatifu kanisani. Fundi Ermete, mkuu wa karakana yetu, akacheka: "Kumbe leo bwana mkubwa anataka jeneza!" Mchoraji aliifuta picha vumbi lisilokuwapo. "Ndiyo, fundi," alisema. "Kule mwenzangu hakupata."