Siku niliyomtafuta mume wangu kwenye picha ya rada

Wakuu, habari za huko mliko. Haya yalinitokea mwenyewe na leo siongezi chumvi. Niliyoiongeza wakati ule inatosha, mtaiona.

Nilikuwa nakaa Husby, Stockholm, nafanya usafi ofisi moja jirani na Kista. Mume wangu Sele, mpishi wa meli ya mizigo, yuko safarini Greenland. Siku nne hakuna simu.

Pale ofisini kuna mama wa Kiswidi, Gunilla. Kazi yake kukagua picha za rada za setilaiti, kutafuta milima ya barafu inayoelea ili meli zionywe. Rada inaona hata kwenye ukungu. (Nieleweni hivyo hivyo, shule yangu la saba.)

Akanikuta nimeshika dekio, machozi yananitoka. Nikamweleza. Akavuta kiti.

"Kaa, Zainabu."

Skrini nyeusi, vidoti vyeupe kibao, kama unga umemwagika kwenye sufuria.

"Meli ni ipi?" nikauliza.

"Ugumu ndio huo. Barafu inang'aa, chuma nacho kinang'aa. Ila meli hujitaja kwa redio. Kidoti kisichojitaja ndicho tunachokihofia."

Akatafuta jina la meli yetu. Likatokea juu ya kidoti kimoja, mbali na vile visivyo na jina.

"Asubuhi ilikuwa hapa. Hali ya mumeo, picha haisemi. Sitaki kukudanganya."

Sasa kosa langu. Nikampigia mama mkwe, Tanga.

"Mama, nimemwona Sele!"

"Weee! Amekonda?"

Sijui nilipatwa na nini. "Hajakonda, mama. Amevaa ile kofia yake."

Siku ya tatu baada ya hapo Sele akapiga, mzima. Simu ya meli ilikuwa mbovu. Alianza kwa mama yake, simlaumu.

"We mwanamke, kofia gani? Mtaa mzima Tanga unaijadili!"

Aibu, wakuu. Nikampigia mkwe kuomba radhi. "Mama, niliona kidoti tu."

Akacheka mpaka akakohoa. "Mwanangu, nilijua. Mtu na kofia yake, utamwonea wapi baharini? Lakini tangu Sele anyamaze, siku ile ndiyo niliyopika, nikala."

Funzo: ukiona kidoti, sema kidoti, kama Gunilla. Hapo sina ubishi.

Ila kwa kidoti kitupu, yule mama angekula? Mpaka leo sijui. Ninyi mngemwambiaje? Nisemeni tu, nitasoma yote.