Kigoda cha Wakfu na Mwiko wa Roselyne

Hesbon alikuwa analinda kigoda. Si benki, si ubalozi, si dhahabu ya soko la Deira. Kigoda! Mtu mzima wa miaka arobaini na sita, fundi seremala mtoto wa fundi seremala, katoka Chwele kule Bungoma mpaka Dubai, akavishwa suti nyeusi na tai, akaambiwa: simama hapa, asiguse mtu. Saa kumi na mbili kwa siku. Na wewe mwenyewe marufuku kukaa.

Kigoda chenyewe kilikuwa mali ya wakfu wa umma huko Ujerumani, Wakfu wa Halmstein, ambao kazi yake ni kuhifadhi urithi wa shule ya ubunifu iliyofungwa zamani. Walimu wa shule hiyo, Mungu awarehemu, waliamini kwamba vitu vizuri si vya matajiri peke yao. Meza, taa, kikombe, vyote viwe rahisi na viwe vya mtu wa kawaida. Basi wakaunganisha mbao tatu kwa mti mmoja wa mviringo, wakapata kigoda, na maneno yao yakaandikwa ukutani kwa herufi kubwa, Kiingereza juu na Kiarabu chini: KILA MFANYAKAZI ANASTAHILI MAHALI PA KUKAA. Hesbon alisimama chini ya maneno hayo kuanzia asubuhi hadi jumba la maonyesho lifungwe, miguu imevimba ndani ya viatu.

"Kaka Hesbon, huko juu umesoma lakini?" Redempta alikuwa akimchokoza kila akipita na dekio lake. Redempta alikuwa mfanya usafi, mwenyeji wa Bukoba, na mdomo wake haukuwa na breki.

"Nimesoma, dada."

"Basi kaa!"

"Nikikaa nitakaa moja kwa moja, nyumbani."

Na nyumbani alitaka kwenda, ila si kwa kufukuzwa. Binti yake Fridah alikuwa anaolewa tarehe tisa Desemba, mwaka ule wa 2017. Harusi ilikuwa imeshasogezwa mara mbili kumngoja baba, na upande wa bwana harusi walikuwa wameanza kununa. Likizo ya Hesbon ilikuwa imepitishwa, siku thelathini, ya kwanza baada ya miaka mitatu. Lakini kampuni ya ulinzi ilikuwa na sheria fupi: ukipata barua ya onyo, likizo hakuna.

Tatizo ni kwamba kigoda kilikuwa kinayumba. Ule mti wa mviringo ulikuwa umelegea kwenye tundu lake, na ubaridi wa kiyoyozi ukikizidia kinalia kwii. Kila Jumapili asubuhi Madam Annelie, msimamizi wa maonyesho aliyetumwa na wakfu, alikuja na glavu nyeupe, akakisukuma kwa ncha ya kidole, akatazama kinavyotikisika, akaandika katika daftari: "Kinayumba kama kawaida." Kisha akatabasamu, akaenda kunywa kahawa. Jamani! Watu wamesoma mpaka chuo kikuu, wakapanda ndege, ili wahakikishe kigoda kibovu kinabaki kibovu.

Hesbon aliumia. Si utani, aliumia kama mtu anayeona mtoto wa jirani ana kamasi na mama yake amekaa anamtazama. Baba yake, Mzee Yekoniya, alikuwa na karakana pale sokoni Chwele, na sheria ya karakana ilikuwa kwamba fundi akiona kiungo kimelegea akakipita, aibu si ya aliyekitengeneza tena, ni yake. Hesbon alivumilia kigoda kile wiki kumi na moja. Ya kumi na mbili, uvumilivu ukamwisha.

Huko kwenye kambi yao ya wafanyakazi, Dubai Investments Park, wenzake wa chumba cha watu sita walikuwa wamevunja mwiko wakisonga ugali. Ulikuwa mwiko ambao mkewe Roselyne alimtilia sandukuni siku ya safari, wa mti mgumu mwekundu, si hii miti ya supamaketi. Hesbon akachukua kipande cha mpini, akachonga kabari kwa kisu cha kukatia nyama, akaipaka majivu na mafuta ya kupikia ili rangi ikolee uzee. Ijumaa asubuhi, kengele ya ulinzi ikiwa imezimwa kwa ajili ya usafi na Redempta yuko upande wa pili na ndoo yake, akavuka kamba. Akaichomeka kabari tunduni, akagonga mara tatu kwa kisigino cha kiatu. Kigoda kikanyamaza. Hesbon akakitikisa, akajisikia fundi tena, na siku nzima alisimama akitabasamu.

Jumapili Madam Annelie akaja na glavu zake. Akasukuma kwa kidole. Akasukuma tena. Akapiga ukelele.

"Hakiyumbi! Nani amekigusa? Hakiyumbi!"

Watu wakakimbia wakidhani mtu kafa. Daftari la ulinzi la Ijumaa likafunguliwa, na jina lililoandikwa pale wakati kengele imezimwa lilikuwa moja tu, la mfanya usafi. Madam akasema huyo mwanamke arudishwe kwao, viza ifutwe. Redempta, yule mwenye mdomo, alikaa sakafuni na ndoo yake akalia.

Hesbon alimtazama. Akaona gauni la harusi la Fridah, akaona kanisa, akaona kiti cha baba kikiwa kitupu. Moyo ukamwambia, nyamaza, wewe. Ukamwambia mara mbili. Ndipo akasikia mdomo wake mwenyewe ukisema:

"Madam, ni mimi. Nilikitengeneza."

Shakir, msimamizi wa walinzi, akafumba macho. "Wewe Hesbon, una wazimu?"

Madam akasema hakuna wa kufukuzwa mpaka mtaalamu wa wakfu afike kupima uharibifu. Siku tatu hizo Hesbon hakula vizuri. Kila Roselyne alipopiga simu kuuliza suti ya harusi ni rangi gani, alisema mtandao mbaya, akakata.

Mtaalamu akafika Jumatano. Daktari Volker, mwembamba, miwani mitatu tofauti mfukoni, ameandika vitabu viwili juu ya viungo vya mbao vya Halmstein. Akalala chali sakafuni chini ya kigoda na tochi. Akachunguza dakika ishirini. Halafu ikasikika sauti ya mtu anayekaribia kulia.

"Annelie, kuna kabari! Kabari ya asili!"

Alieleza akiwa bado chali. Kabari ilikuwa imezama ndani miaka sitini bila kuonekana, na unyevu wa Dubai umeivimbisha ikarudi mahali pake. Mchongo safi, wa mwanafunzi wa mwaka wa tatu, pengine wa nne. Mti wa misitu ya kusini mwa Ujerumani, bila shaka. Na harufu hafifu ya mafuta, ithibati kwamba wanafunzi walikuwa na njia yao ya siri ya kuhifadhi mbao!

"Sir," Hesbon akasema, "hayo ni mafuta ya kupikia. Kabari ni yangu. Mti ni mwiko wa mke wangu."

Daktari akasimama, akajifuta vumbi, akamwekea mkono begani kwa upole wote.

"Unataka kumwokoa huyu mama. Wewe ni mtu mwema. Lakini rafiki yangu, hii imechongwa na mkono uliosomea. Wewe ni mlinzi."

"Mimi ni seremala, sir. Baba yangu..."

Shakir akamfinya kiuno. "Khalas, yatosha! Barua sijaandika. Unataka niandike?"

Hesbon akafunga mdomo. Lile neno "mlinzi" lilimchoma kuliko barua yoyote ya onyo, na hakuna aliyemwomba radhi. Redempta alirudishiwa dekio lake. Kibao kipya kikatundikwa: "Kabari ya asili. Kazi ya mwanafunzi asiyejulikana." Kabla ya wakfu kufunga mizigo kurudi Ujerumani, Hesbon alisimama wiki tano kuilinda kabari yake mwenyewe, akiwakataza Wajerumani kuigusa.

Tarehe tisa Desemba alimshika Fridah mkono mpaka madhabahuni, na wakwe wakacheka meno yote nje. Jioni yake Roselyne akapekua sanduku la mumewe.

"Baba Fridah, mwiko wangu uko wapi?"

"Umeenda Ulaya. Umewekwa ndani ya kabati la kioo, una taa yake na mlinzi wake."

Roselyne alimtazama kuona kama anatania, akaona hatanii. Akamsogezea kiti.

"Na huyo mlinzi, huko anakaa?"

"Hakai," Hesbon akasema, akivua viatu.