Siku Niliyomwita Mkubwa kwa Jina la Nyumbani

Mjukuu wangu wa kike alikuwa ameketi. Mimi ndiye sikuweza kukaa. Nilitoka jikoni nikaenda kwa kuku, nikatoka kwa kuku nikaenda kwenye mbaazi zilizoanikwa, nikazigeuza, na nilikuwa nimezigeuza sasa hivi tu. Yeye alikuwa kwenye jiwe lililo nyuma ya ghala, mahali pekee pa boma letu ambapo simu inashika vizuri, akikodolea kioo macho kama mtu anayengoja maziwa yachemke.

"Wamejibu?"

"Bado, Susu."

"Hata mmoja?"

"Susu, hata ukiuliza mara ngapi hawatajibu haraka."

Anasomea mambo ya maji katika chuo kimoja huko Kitui. Visima, pampu, mabomba, kupima kama maji ni ya watu kunywa au ni ya ng'ombe tu. Sisi tunakaa upande wa Kasikeu. Mama yake anafanya kazi kiwandani, mbali, na mimi nyanya yake, Susu wake, ndiye nimemlea tangu alipoacha kunyonya. Chuo kilikuwa kimewaambia watafute atachimenti, yaani mahali pa kufanya kazi miezi michache bila kuandikwa, ili waone kwa macho yale waliyosoma. Ambaye angefika mwisho wa mwezi bila kupata angebaki nyuma, angoje darasa linalofuata. Wenzake walikuwa wanapata. Mmoja mjomba wake yuko kwa kaunti, mwingine baba yake anauza pampu. Wangu alikuwa ameandika imeili kila mahali, na ilikuwa kama kupiga hodi kwenye nyumba ambayo watu wamehama.

Vijana wa kanisa letu wameniomba niwaandikie habari hii kwa sababu na wao wanaanza kutafuta. Mimi nilisoma kidogo sana, mtanivumilia. Watu wote waliomo humu nawajua majina, na majina ya baba zao, na nyumba walizotoka mama zao kabla ya kuolewa. Hapa sitaandika hata moja.

Siku hiyo nilimwambia aache simu, avae viatu, aende akaonwe uso. Alisema kuna kampuni moja Emali inayochimba visima, ameiandikia na haijajibu. Nikamuuliza ni ya nani. Akafungua simu akanisomea jina la mwenyewe, lile la kizungu kwanza, halafu la ukoo.

"Aiya!" nikasema. "Huyo? Huyo nimembeba mgongoni!"

Kweli nilimbeba. Mama yake na mimi tulikuwa katika kikundi kimoja cha mwethya, sisi wanawake wa kijiji tukienda shamba kwa shamba kuchimba mitaro ya kuzuia udongo. Mwaka huo nilikuwa mja mzito, wakanikataza kuinua mawe, wakaniachia watoto. Huyo ndiye alikuwa mkorofi kuliko wote. Hakutaka kivuli, hakutaka maziwa, alitaka uji tu, na uji ukiisha alilia mpaka ng'ambo ya mto wanasikia. Tukampa jina la nyumbani. Maana yake sitasema, ila uji umo ndani.

Mjukuu wangu hakufurahi. Alisimama kwenye lile jiwe akaniangalia kama aliyeona nyoka.

"Susu, hapana. Hii si mambo ya kujuana. Nataka kuingia na karatasi zangu."

"Na wenzako waliingia na nini?"

"Hao ni hao. Nikiingia kwa mgongo wako, kila siku nitakuwa yule wa kuletwa."

Nilijaribu kunyamaza, nikashindwa. Usiku nilizipiga pasi nguo zake, asubuhi nilikuwa nimevaa kabla yake. Alipoona kilemba changu cha kanisani alijua. Tulibishana mpaka chai ikapoa, na mwishowe akakubali niende, lakini nikae kwa geti. "Utakaa, na hutasema kitu. Hata 'habari yako' usiseme."

Niwaambie vijana, mpaka hapo alikuwa amefanya kila kitu vizuri. Barua ya chuo alikuwa nayo, ile ya bima alikuwa nayo, na nakala zake, zote katika bahasha safi. Viatu vilikuwa vya kufunga, kwa sababu alijua anaenda mahali pa mabomba. Alifika mapema kabla wakubwa hawajatoka kwenda kazini huko nje. Alimsalimu askari kwanza, akamwambia ametoka chuo gani na anatafuta nini, kwa ufupi, bila kujikunakuna. Nyinyi fanyeni hivyo. Kosa lake moja ni kwamba alikuja na mimi.

Askari alinipa kiti cha plastiki. "Shosho, kaa hapa kivulini." Nikakaa. Uani vijana wa kazi walikuwa wanapakia mabomba kwenye lori, wakitupiana maneno. Mjukuu wangu aliingia ofisini. Nikakunja miguu, nikaikunjua. Nikahesabu mabomba, nikapotea, nikaanza tena. Nilikuwa najiuliza ameambiwa nini, amekalishwa au amesimamishwa, kama msichana wa mezani, yule wa kupokea wageni mle ndani, amempokea bahasha au ameisukuma kando.

Hapo gari jeupe likaingia. Akashuka mtu mnene, kichwa hakina nywele, simu sikioni. Nisingemjua. Lakini alipogeuka, masikio yalikuwa ya mama yake kabisa.

Sijui nilisimama saa ngapi. Nilijikuta niko katikati ya uwanja, mikono nimeinua, naita lile jina. Na mimi nina sauti. Mwethya ilitufundisha kuitana kutoka mlima mpaka mlima.

Mabomba yakanyamaza. Yule mtu akashusha simu pole pole. Kisha kijana mmoja juu ya lori, Mkamba mwenzetu aliyeelewa maana, akalirudia kwa sauti ndogo, na wa pili akalipokea, na kicheko kikapita uani kama moto kwenye nyasi kavu.

Mkubwa alikuja akanipa mkono. Adabu alikuwa nayo. "Mama, umetoka wapi?" Nikamwambia nyumba, nikamwambia mama yake tulikuwa naye, nikamwambia uji. Nilimwambia yote! Alikuwa anaitikia, "Ndiyo, mama, ndiyo," macho yakiwa kwa lori. Kisha nikasema lile la mwisho: "Na mjukuu wangu yuko ndani, anatafuta atachimenti."

"Ahaa," akasema. Akaingia.

Baada ya muda mfupi mjukuu wangu akatoka na bahasha yake mkononi. Ameambiwa atapigiwa simu. Nyinyi mnajua maneno hayo.

Tulitembea hadi stendi, yeye mbele, mimi nyuma. Pale tuliponunua maji ndipo alipofungua mdomo.

"Msichana wa mezani alikuwa ameshanipatia karatasi nijaze. Susu, kalamu ilikuwa mkononi. Wakasikia kelele, wote wakaenda dirishani. Aliporudi akasema, 'Kumbe wewe ni mtu wa boss,' akaichukua ile karatasi, eti boss ataamua mwenyewe."

"Nilitaka kukusaidia."

"Najua. Si ungenisaidia ukiwa umekaa?"

Siku zilizofuata nilizurura ndani ya boma kama mbuzi aliyekatiwa kamba. Nilifagia palipofagiwa. Simu ikilia nilikimbia kuliko yeye, na ilikuwa kampuni ya simu tu, wanatuuzia nyimbo. Mwezi ulikuwa unakwisha. Sikuthubutu kumuuliza kitu.

Halafu asubuhi moja nikaona kitanda chake kimetandikwa na viatu vya kufunga havipo. Alikuwa amerudi Emali peke yake. Nilichemsha chai nikaisahau jikoni, nikaenda barabarani, nikarudi, nikaenda tena. Jirani aliniuliza kama nimepoteza ndama.

Alirudi jua likiwa upande wa magharibi, amejaa vumbi, na uso wake sikuweza kuusoma. Alikaa kwenye ngazi akafungua viatu. Alisema hakuomba kuonana na mkubwa. Alimwomba yule msichana wa mezani ile karatasi tena, akamwambia, "Yule alikuwa nyanya yangu, ananipenda, na mimi simjui boss wenu," akakaa kwenye benchi mpaka mkubwa akapita mwenyewe akamwona.

"Akasemaje?"

"Aliniita ndani. Akasema, 'Sasa hapa hata mpishi analijua jina langu la uji. Nikikuweka ofisini watasema nimeleta mtoto wa nyumbani. Nikikukataa, nyanya yako atarudi.'"

"Eeh!"

"Wee, hata mimi nilicheka. Yeye hakucheka. Akasema nitaenda kule lori la kuchimba liko, na msimamizi wa huko hamjui nyanya ya mtu. Akiona sifai, ananirudisha, na hapo imeisha."

Nikauliza ni wapi huko. Kitui ya chini, akasema, ng'ambo ya mto Athi, kule joto linakopika mawe. Lori litakaa huko mpaka maji yatoke. Wanalala kwa mahema. Wachimbaji wote ni wanaume, lakini kuna mama mmoja wa kijiji hicho anayewapikia, na mjukuu wangu atalala nyumbani kwa mama huyo.

Mimi sikusikia maji wala atachimenti. Nilisikia mahema. Niliingia ndani, nikavua leso ya jikoni, nikafunga kilemba, nikachukua mkoba. Kesho yake ilikuwa mbali mno kwangu. Ningeenda jioni hiyo hiyo, nimwambie yule mtoto wa uji kwamba mama yake asingempeleka msichana mahali kama hapo, ampe kazi ya karibu, hata ya kufagia uwanja.

Nilipotoka alikuwa amesimama mlangoni, miguu mitupu.

"Susu, unaenda wapi?"

"Dukani."

"Na kilemba cha kanisa?"

Nikajaribu kupita. Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililonishika. "Ukienda, mimi siendi kule. Nitakaa hapa mpaka mwaka ujao, tutageuza mbaazi pamoja. Chagua."

Nilimwona mama yake katika uso wake, nikaona na mimi mwenyewe nilivyokuwa nikiwagombeza wale walionikataza kuinua mawe. Nikaweka mkoba juu ya meza. Mkono haukutaka kuuachilia.

Aliondoka siku mbili kabla ya mwezi kuisha. Simu yake kule haishiki mpaka apande kilima, kwa hiyo mimi nilikuwa nangoja tu, na kungoja sikujui. Wiki ya pili akapiga.

"Wamekufanyia nini?"

"Hawajanifanyia kitu, Susu. Kwanza walinipa koleo. Sasa wamenipa udongo. Kila mtambo ukishuka kidogo ardhini napanga kile kilichotoka, rundo kwa rundo, naandika ni mchanga au ni mwamba."

"Na maji?"

"Bado. Ni vumbi tu."

"Na yule msimamizi, anasemaje?"

"Hasemi. Jana alitaka kuniacha kambini. Nikapanda lori, akaniangalia, akanisogezea kofia ya chuma."

Nilitaka kumuuliza kama anakula, kama analala, kama kuna mtu anamsumbua, na yote yakaja pamoja. Kabla sijachagua moja nikasikia mtambo ukiwashwa bondeni, kishindo kikaingia mpaka sikioni. Mtu akamwita. Akasema, "Ngoja, Susu," kisha akapiga kelele kwa mwanamume fulani kule chini atoke karibu na ile hosi, lile bomba la mpira, atoke haraka, hasikii? Sauti ilikuwa kubwa, ya mlima mpaka mlima.

Kisha simu ikakatika, na mimi nikaanza tena kutembea.