Kadi Yangu Dukani kwa Watu

Mume wangu aliponiacha sikulia. Kilichoniliza, tena kwa hasira, ni ile siku aliyokuja kuchukua nguo zake wakati mie nimempeleka mtoto kliniki, akaondoka na nguo, na viatu, na kadi ya grafiki ya kompyuta yangu.

Ufunguo alikuwa bado nao. Nilirudi nyumbani Hayes nasukuma kigari cha mtoto, mvua imetulowesha wote wawili, nikasema ngoja mtoto alale nimalize kazi yangu. Nikawasha kompyuta. Ikalia mlio mmoja mrefu na skrini ikabaki nyeusi. Nikafungua ubavu wa boksi. Pale kadi ilipokuwa imekaa palikuwa na pengo, na vumbi limechora umbo lake, kama ukutani unapoondoa picha iliyotundikwa miaka.

Mtu anaweza kusema, kadi tu hiyo. Mie ile kadi ndiyo iliyokuwa ikinilisha. Nilikuwa napiga video za harusi, upande wa wanawake. Sisi Wazanzibari wa London tumeacha mengi tuliyokuja nayo, lakini hili hatujaliacha: kwenye ukumbi wa wanawake mwanamme haingii. Bi harusi yuko kichwa wazi, mashangazi wamevua mabuibui, bibi wa miaka sabini anakata kiuno kama hana magoti. Kwa hiyo anayeshika kamera awe mwanamke, anayekata na kuunga picha awe mwanamke, na kanda haiachwi mahali pa wanaume hata kwa dakika ya kunywa chai. Nilipokuwa na mume nilifanya kazi chumbani, mlango kwa kufuli, na alijua. Diski yenye picha hakuigusa. Hilo ndilo lililomwokoa nisimfuate na mwiko.

Kamera yangu ilikuwa ya zamani, ya kanda ndogo. Picha haziingii kwenye kompyuta mpaka zipite tundu moja la duara nyuma ya ile kadi, na zikishakatwa zinatokea hapo hapo kurudi kwenye kanda kubwa ya video. Bila tundu hilo mie sina kazi. Na wiki ile nilikuwa na harusi ya watu mezani. Mama wa bi harusi alikuwa anasafiri Jumatatu kwenda Unguja, kwa mama yake aliyekuwa mgonjwa kitandani na hakuweza kuja kumwona mjukuu akiolewa. Alitaka ampelekee kanda. Kanda, si kitu kingine, maana bibi nyumbani kwake alikuwa na deki ya video tu. Nilikuwa nimeshamwahidi. Na kwetu ukimwangusha mama mmoja mwenye harusi, hakuna wa pili atakayekupigia simu.

Hii ilikuwa Alhamisi. Ijumaa asubuhi nikamchukua mtoto nikaenda kwenye lile duka la vichochoro vya nyuma ya Edgware Road tulikoinunua mara ya kwanza, mie na yeye, siku za raha zetu.

Niseme kwanza siku ile ya mara ya kwanza ilikuwaje. Kadi zile zilikuwa za ukoo mmoja. Jina moja, namba moja, boksi lina picha ile ile ya jitu lenye upanga. Kinachozitofautisha ni herufi za mwishoni, na watu wengi hawazisomi. Kulikuwa na ndogo, ina jina la ukoo lakini nguvu haina. Kulikuwa na kubwa, ndefu kama mkono wa mtoto, feni mbili, ya watu wa magemu. Na kulikuwa na ya kati, mbio zake za wastani, lakini ndiyo pekee yenye tundu la kuingizia picha. Mume wangu alitaka kubwa. Alisimama mbele ya kabati la kioo kama yuko mbele ya posa. Aliniambia hii ya kati ni kadi ya wagonjwa, watu watatucheka. Nikamuuliza watu gani hao watakaokuja kuchungulia ndani ya kompyuta yetu. Pesa zilikuwa za harusi nilizopiga mie, nikachukua ya kati. Alinuna mpaka Hayes, na kusema kweli hakuacha kununa mpaka siku ya talaka.

Sasa Ijumaa ile nikamkuta mwenye duka yule yule, Mhindi wa Mombasa, Kiswahili chake safi kuliko cha watoto wetu. Mbele yangu walikuwa wateja wa Ghuba wananunua laptopu mbili mbili kama maandazi. Zamu yangu ilipofika nikamwambia nataka ile ya kati, ya tundu.

"Mpya hazipo tena, dada," akasema. "Wameacha kuzileta. Lakini una bahati, nina moja iliyotumika, imeingia jana."

Akainama, akaitoa chini ya meza, akaiweka juu ya kioo.

Lile tundu la duara lilikuwa limepakwa rangi ya kucha, nyekundu. Nilipaka mie, kwa mkono wangu, kwa sababu kila nikiinama chini ya meza nilikuwa nachomeka waya pasipo pake.

Nikamuuliza imetoka kwa nani. Akanieleza bila wasiwasi, maana hakujua anaongea na nani. Ameileta kijana mmoja wa kwenu, anafanya kazi kwenye maghala ya airport, thamani yake amekatiwa kwenye bei ya ile kubwa, na kesho akishapata mshahara anakuja kumalizia na kuichukua. Na hizo kubwa, nikauliza, mnazo ngapi? Akasema imebaki moja, na nyingine haijulikani zitaingia lini.

Nikamwambia hii yenye rangi ya kucha ni yangu. Nikamwonyesha na vidole vyangu, rangi bado ilikuwa ile ile. Akanitazama, akamtazama mtoto aliyekuwa analia kwenye kigari, akashusha pumzi. Yeye, akasema, amenunua kwa mtu aliyekuja nayo mkononi. Mambo ya ndani ya nyumba yazungumzwe ndani ya nyumba. Akitaka kunisaidia ataniuzia kwa bei nzuri.

"Kwa hiyo ninunue changu?"

"Dada, mimi nina duka. Sina mahakama."

Kisha, kwa wema wake, akanipa njia nyingine: nilete boksi zima la kompyuta, vijana wake wana mashine nyuma, watazihamisha picha na kunitolea kanda siku hiyo hiyo. Nikaangalia vijana wake. Watatu, wanaume, wanakula chipsi mbele ya skrini. Nikawaza shangazi za watu wanacheza pale vichwa wazi katikati ya chipsi. Nikamwambia asante, haiwezekani.

Basi nikasimama mbele ya kabati lile lile la kioo nichague kadi kwa mara ya pili. Kwenye mkoba nilikuwa na pesa za mchezo wa kuchangiana, zamu yangu ilikuwa imetoka wiki ile, na nilikuwa nimezipangia kodi ya nyumba. Nikinunua ile yangu, kazi yangu inapona leo leo. Lakini hapo itakuwa mie ndiye niliyemlipia. Ameiba, ameuza, amekatiwa bei, na mie nakuja nyuma yake na mkoba kama mtumishi. Kesho atabeba kubwa yake aende zake kucheza, na hatajua hata kama nilifika. Nikinunua kubwa, sina tundu, sina kanda, na Jumatatu mama wa watu anapanda ndege mikono mitupu. Ila yule aliyeniibia atakuwa mkononi mwangu.

Wenye busara wangechukua ya kati. Najua. Mie nilikuwa na miaka ishirini na tatu, na mtoto analia kwenye kigari.

"Nipe kubwa," nikasema.

"Haina tundu la kamera hiyo."

"Sitaki tundu. Namtaka mtu."

Akasema amemwahidi yule kijana. Nikamuuliza kama amelipa. Bado. Nikamwambia basi hiyo si ahadi, hayo ni mazungumzo. Wateja wa Ghuba wakacheka, sijui walifahamu nini. Akanifungia, akanipa na karatasi ya kurudishia ndani ya wiki mbili. Nikamwomba jambo moja tu: ile yenye rangi ya kucha asimuuzie mtu mwengine mpaka kesho mchana, kuna mtu atakuja kuifuata. Akauliza nani. Nikamwambia huyo huyo aliyeileta.

Nilimpigia simu nikiwa kwenye treni kutoka Paddington, mtoto amelala, boksi la jitu lenye upanga liko mapajani. Alipokea kwa ile sauti yake ya kuchoka, ya kuniambia kwa mbali kuwa sasa mie ni kero. Nikamwambia kadi kubwa iliyokuwa imebaki pale dukani ninayo mie.

"Wewe utaifanyia nini?"

"Nitaweka sufuria juu yake."

Akaanza kusema taratibu, kama mtu anayemsogelea paka. Ati sijui vitu hivi, ati itaharibika, ati kesho atakuja anirudishie pesa zangu na tuyamalize. Nikamwambia pesa peke yake sizipokei. Aende dukani asubuhi, atoe pesa mfukoni mwake, ainunue kadi aliyoiiba, aniletee mlangoni saa saba mchana. Asipokuja, kubwa nitaiuza kwa yeyote, na yeye nitamtumia picha.

Akasema mie nimekuwa mwanamke mbaya. Nikamwambia bado, nafanya bidii.

Usiku ule sikupata usingizi, sifichi. Nilikuwa nimeweka kazi yangu juu ya tamaa ya mtu nisiye na imani naye. Lakini tamaa yake niliijua. Nilikaa nayo miaka minne.

Jumamosi saa sita kengele ikalia, nikadhani ni yeye. Alikuwa mama wa bi harusi. Ameshindwa kungoja, kaja na vitumbua kwenye bakuli na chupa ya chai, aone tu nimefika wapi. Nikampeleka sebuleni. Nikaona hakuna haja ya kumdanganya mtu mzima. Nikamwambia mashine ina pengo na kitu chake kinaletwa. Kimekwenda wapi, akauliza. Nikamwambia mwenye kukileta atakueleza.

Saa saba na dakika chache yule bwana akasimama mlangoni, kadi imo kwenye mfuko wa plastiki, uso wa mtu aliyepanga foleni kulipia kosa lake mwenyewe. Mtoto wangu, wa miaka mitatu, akamuuliza baba yake kwa Kiingereza kama amekuja kutengeneza kompyuta. Kutoka sebuleni mama akavuta ushungi wake, akatokeza kwenye ukumbi.

"Shikamoo, mama," akasema yule bwana. Alimtambua. Nyumba yao na ya kina mama yule kule Unguja zinatazamana.

"Marahaba, baba. Kumbe ni wewe. Hiki kidude cha kanda ya mwanangu kilikuwa kwako?"

"Nilikiazima tu, mama."

"Ulikiazima kwa nani?"

Akanitazama mie, nimwokoe. Nilikuwa nimeegemea ukuta, nimekunja mikono. Sikuwahi kupumzika vizuri vile tangu niolewe.

"Ulimwambia mwenzio?" mama akauliza tena, kwa upole, kama anayeuliza bei ya ndizi. "Au ulikichukua tu mwenyewe hayupo?"

"Nilikuwa na haraka."

"Ah. Haraka. Mamako hajambo? Jumatatu nasafiri, inshallah. Nikifika tu nitakwenda kumwamkia."

Niliona uso wake ukisawijika. Mie ningeweza kumtukana mpaka jua lizame asingetikisika, alishazoea. Lakini sentensi ile moja ya kumwamkia mamake ilimkalisha chini kama mzigo, akiwa amesimama.

Nikachukua kadi, nikamwacha kwenye ukumbi mlango wazi na baridi inaingia. Nikaifunga kadi mwenyewe, nikachomeka waya kwenye tundu jekundu, nikawasha. Bi harusi akatokea kwenye skrini anacheka, hina mpaka viwikoni. Mama yake akapiga kigelegele kimoja, kifupi, cha kazini. Ndipo nikarudi mlangoni, nikapokea pesa za kubwa, kodi yangu hiyo, nikampa boksi lake. Mie si mwizi. Aliondoka amelikumbatia kama mtoto aliyepewa peremende baada ya sindano.

Jumapili kanda ikatoka. Jumatatu ikapanda ndege.

Ijumaa yake yule bwana akanipigia simu. Sauti ya kuchoka haikuwepo. Mama yake hali wala hazungumzi naye, dada zake wamempigia mmoja mmoja, mtaa mzima unauliza ni kitu gani hicho cha harusi ya watu alichokiiba. Ndivyo ilivyofika kule: ameiba kitu cha harusi. Aliniomba nimpigie mamake nimwambie kulikuwa na kutoelewana.

Nikampigia kweli. Nilimpenda yule mama, na bado nampenda. Akaniuliza, mwanangu, ni kweli ninayoyasikia? Ningeweza kusema hapana. Ningeweza kusema ni jambo dogo, kidude cha ndani ya kompyuta, watu wamelikuza. Nilimsikia anapumua upande wa pili, anangoja nimpe njia ya kumtetea mwanawe.

Nikamweleza yote, kuanzia vumbi lililochora umbo la kadi mpaka kioo cha duka. Sikuongeza neno, wala sikupunguza.

Akaniuliza kama sasa moyo wangu umetulia.

Nikamwambia, bado, mama, lakini unaendelea vizuri.