Siku Tulipomchomesha Bibi Vibuyu Vyake

Nilikuwa na miaka ishirini nilipomwambia baba kwamba nakwenda kujitolea mwaka mzima kwenye huduma ya uinjilisti. Tulikuwa shambani kwetu Mabawe, wilayani Ngara, tunapalilia maharage katikati ya migomba. Baba hakuinua kichwa.

"Unakwenda kumhubiria nani?"

"Watu wasiomjua Mungu, baba."

"Na sisi tuliobatizwa hapa tangu enzi za babu yako, tulikuwa tunamjua nani?"

Niliendelea kupalilia. Kwetu ni Wakatoliki toka zamani, na mimi tayari nilikuwa nasali na walokole, jambo ambalo baba alilichukulia kama homa ya ujana itakayopita. Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita na matokeo yangu hayakunifikisha popote. Huduma ile iliahidi kwamba atakayemaliza mwaka wake vizuri atapewa barua ya kuingia chuo chao cha Biblia. Siwezi kusema niliitwa na Mungu peke yake. Niliitwa na Mungu na ile barua, na mpaka leo sijui ni nani kati yao aliyeita kwa sauti zaidi.

Tulipelekwa Biharamulo, kwenye kijiji cha wafugaji Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao kutoka pande za Shinyanga na Mwanza. Tulikuwa wanne. Kiongozi wetu alikuwa mwanamume wa miaka thelathini na kitu, msemaji mzuri, mtu ambaye ukimsikia akiomba unatamani kuwa mwema. Vijana wawili walishughulika na spika na kinanda. Kazi yangu ilikuwa kutembelea nyumba kwa nyumba na kupiga picha za maendeleo ya kazi kwa simu ya huduma.

Wanaume walilala katika chumba cha nyuma ya banda tulilolifanya kanisa. Mimi nilitafutiwa nafasi kwa bibi mmoja mjane aliyeishi peke yake pembeni mwa kijiji. Siku ya kwanza alinipokea mlangoni akiwa na ungo mkononi.

"Shikamoo, bibi."

"Malahaba. Kalibu, mjukuu wangu. Hapa chakula ni michembe ya viazi vikavu na ugali wa mhogo. Kama kwenu mnakula ndizi, utalia."

Ulimi wake haukuwa na r, kama Wasukuma wengi wa rika lake, na mimi Mhangaza nilicheka hadi akacheka na yeye. Nilikaa kwake miezi mitano. Tulichota maji pamoja, tukapukuchua mahindi pamoja. Alinifundisha kusalimia kwa Kisukuma, nami nilimfundisha nyimbo, akaziimba kwa kuchanganya maneno, lakini tuni aliishika sawasawa.

Bibi alikuwa mganga wa watoto. Sisemi mganga wa kupiga ramli. Nyuma ya nyumba alikuwa na kibanda kidogo cha mizimu ya kwao, na ndani yake vibuyu vitano vya dawa, usinga na kamba ya shanga nyeupe, vyote alivyoachiwa na mama yake. Wanawake walimletea watoto wenye matumbo, naye aliwakanda kwa mafuta ya nyonyo, akawapa mizizi ya kuchemsha. Aliyemjia mara nyingi kuliko wote alikuwa mama mmoja jirani, mwenye mtoto wa kiume wa miaka miwili. Siku moja nilimsikia bibi akimkaripia.

"Huyu si wa kwangu. Huyu ana homa. Mpeleke zahanati sasa hivi, usipitie hata nyumbani."

Yule mama alikwenda mbio, na mtoto akapona. Nililiona hilo kwa macho yangu, na jioni ile ile nikaandika katika taarifa yangu kwa huduma kwamba ninaishi na mganga wa kienyeji na naomba maombi.

Sikumhubiria kwa nguvu. Nadhani alinipenda kwanza, kisha akapenda nilichokuwa nakipenda. Mwezi wangu wa nne kwake alianza kuja kanisani, akikaa benchi la nyuma kabisa. Mwezi wa tano aliniambia anataka kubatizwa.

Kiongozi wetu alifurahi sana. Kazi ilikuwa imekwenda taratibu mahali pale, na kumpata mganga ni habari kubwa. Alikuja mwenyewe nyumbani kwa bibi, akakaa kwenye kigoda, akaomba, halafu akauliza vile vitu vitafanywaje.

"Nitavizika," bibi alisema. "Kalibu na kabuli la mume wangu. Vilikuwa vya mama yangu. Havijanikosea kitu."

"Mama, kuzika ni kuficha," kiongozi alisema kwa upole. "Na anayeficha ana mpango wa kurudia. Tutavichoma. Siku ya gulio, watu wote waone."

Bibi alinitazama mimi. Hakumtazama yeye. Kiongozi alipoondoka, tukiwa jikoni, bibi akauliza, "Ni lazima watu waone?"

Ningeweza kusema hapana. Hakuna mahali popote nilipofundishwa kwamba ni lazima. Lakini nilifikiria taarifa itakavyosomeka, nikamshika mkono.

"Ni ushuhuda, bibi. Nitasimama pembeni yako."

"Basi kama utasimama," alisema.

Siku ya gulio kijiji kilijaa. Wauza mitumba, wauza dagaa, wachunga ng'ombe waliotoka mnadani na fimbo zao. Tulifunga spika kwenye mti, tukapanga kuni. Bibi alivaa gauni jeupe tulilomletea, likamfika chini ya kisigino. Alibeba vibuyu vyake ndani ya kanga yake mwenyewe, kama anavyobebwa mtoto.

Kiongozi alimpa kipaza sauti. Bibi hakujua kukishika, kikapiga kelele, watu wakacheka. Kisha akasema, kwa Kiswahili chake, maneno ninayoyakumbuka yote.

"Hivi nilipewa na mama yangu. Nimetibia watoto. Leo naviacha, nimeamua kumfuata Yesu."

Hayo tu. Kiongozi akakichukua kipaza sauti.

"Mmesikia? Amekiri! Miaka arobaini mama huyu ametumikia giza! Nguvu zilizowafunga watoto wenu, zilizowala watoto wenu, leo zinateketea hapa!"

Sisi tulipiga makofi. Kibuyu cha kwanza kilipasuka motoni kwa mlio kama wa bunduki. Nilikuwa nimeinua simu napiga picha, na ndani ya kioo cha simu, nyuma ya bega la bibi, nikamwona yule mama jirani. Hakuwa anapiga makofi. Alikuwa amemvuta mtoto wake, amembana tumboni kwa mikono miwili, na anamtazama bibi kama vile hajawahi kumwona. Kisha wanaume wawili karibu naye wakanong'onezana. Nilielewa. Sisemi leo kwamba sikuelewa. Mahali pale vikongwe wamekuwa wakiuawa kama wachawi kwa sababu ya macho mekundu tu, macho yaliyoungua kwa moshi wa kupikia, na sisi tulikuwa tumemsimamisha mmoja mbele ya watu, tukawatangazia kwamba amekula watoto na amekubali kwa mdomo wake.

Nilimalizia picha. Ilitoka nzuri.

Baada ya wiki mbili huduma ilituhamishia Ngara, kata ya Nyakisasa. Bibi alinisindikiza hadi barabarani na mfuko wa michembe. Aliniambia kwamba tangu gulio hakuna mtoto aliyeletwa kwake.

"Hata wa kukanda tu, bila dawa?"

"Hata wa kusalimia."

Nikamwambia watazoea.

Mvua zilipokolea nilipigiwa simu na mzee mmoja wa lile kanisa tulilolianzisha. Aliongea haraka, kama mtu aliyejificha. Mtoto wa yule jirani alikuwa ameshikwa na homa. Safari hii mama yake hakuwa na wa kumwambia akimbie zahanati. Alimkalisha ndani siku tatu, siku ya nne mtoto akafa. Walipotoka kuzika, wanaume walikwenda moja kwa moja kwa bibi. Walifyeka mahindi yake, wakachoma nyumba, wakampiga. Alikuwa amevunjika mkono. Alikimbilia kanisani.

"Mkamhifadhi?" niliuliza.

Mzee alishusha sauti zaidi. "Mtumishi, na sisi tuna nyumba. Tulimpa maji, tukamwombea, akaondoka."

Nilimwendea kiongozi palepale. Alikuwa anapanga ratiba ya mkutano wa injili huko Kibimba. Alisikiliza hadi mwisho, akafumba macho.

"Haya ni mateso ya mwamini. Yametabiriwa. Tumweke kwenye maombi."

"Twende, mtumishi. Twende tuwaambie watu kwamba hakukiri uchawi. Wewe ndiye uliyesema."

"Nilisema nini ambacho si kweli?"

"Ulisema amekula watoto."

"Nilisema nguvu za giza. Wewe ni msomi, unajua tofauti." Akaniwekea mkono begani. "Dada, zimebaki wiki tatu umalize mwaka wako. Usimpe Shetani nafasi."

Ningependa kuandika kwamba niliondoka siku ile. Sikuondoka. Nilimaliza zile wiki tatu. Niliimba Kibimba, nilitembea nyumba kwa nyumba, niliwashika mikono vikongwe wengine. Nilipokwenda ofisini kuchukua barua yangu, nilikuta picha ya bibi na moto imechapishwa kwenye kalenda, imetundikwa ukutani. Niliomba iondolewe. Dada wa ofisini alishangaa. "Hii? Hii imewagusa watu wengi sana, hata wa nje." Nikasaini, nikachukua barua.

Kutoka pale nilipanda gari kwenda Biharamulo. Kijijini nilianzia kwa mtendaji, kwa sababu nilitaka jambo lifike polisi. Alinikumbuka vizuri, akanikaribisha kiti.

"Binti, nimkamate nani? Walikuwa wengi, na wamefiwa."

"Mama wa watu amechomewa nyumba bila kosa."

"Bila kosa?" Hakuwa anakejeli, alikuwa ananieleza tu. "Mwenyewe alikiri mbele ya watu. Mimi nilikuwepo. Wewe ndiye uliyekuwa unapiga picha."

Nilipita palipokuwa nyumbani kwa bibi. Mbuzi wa jirani walikuwa wanakula mabua. Yule mama aliyefiwa alikuwa nje, anafua. Nilimpa pole. Aliitikia vizuri, akaniambia Mungu awabariki, kwa sababu bila sisi wasingejua. Niliondoka.

Mzee wa kanisa ndiye aliyenielekeza alikokimbilia bibi, kwa sharti kwamba nisimtaje. Ilikuwa mbali, upande mwingine kabisa, kwa mtoto wa kiume wa marehemu dada yake. Nilimkuta amekaa kivulini mwa nyumba anachambua choroko kwa mkono mmoja. Ule mwingine ulikuwa umeunga vibaya, umepinda chini ya kiwiko. Nilipiga magoti kumsalimia, nikaanza kulia.

"Nyamaza," alisema kwa sauti ndogo. "Kaa. Watu wanapita."

Nikakaa. Akaendelea kuchambua. Baada ya muda akauliza, "Siku ile gulioni, ulimwona yule mama?"

"Mama yupi, bibi?" nilisema, nami nilijua.

"Mimi nilikuwa nakutazama wewe, maana uliniambia utasimama na mimi. Nikaona uso wako unabadilika. Nikageuka kutazama unachokitazama." Akatupa kokoto pembeni. "Uliona."

"Niliona, bibi."

"Haya."

Nilimwambia nimekuja kumchukua. Nilikuwa nimepanga yote njiani. Angekaa kwetu Mabawe, baba asingekataa, kuna nafasi, kuna ndizi. Nilimwambia pia kwamba nitakwenda redioni, nitasema ukweli, nitasimama hata gulioni pale pale. Alinisikiliza kama unavyomsikiliza mtoto anayeelezea ndoto. Kisha akaweka ungo chini.

"Hapa wanajua nimekuja kwa sababu ya uzee," alisema. "Wanajua mkono nilianguka kisimani. Mwanangu huyu amewaambia hivyo, na mke wake anajua hivyo hivyo. Ukienda ledioni, nani hasikii ledio? Ukija hapa na nguo zako za mjini, ukalia kwenye magoti yangu, kesho jilani atauliza, yule binti ni nani, alikuwa anamlilia nini? Kesho kutwa atapata mtu wa kumjibu."

"Basi twende kwetu."

"Kwenu kuna kanisa lenu?"

"Lipo."

Akauchukua tena ungo wake. Mke wa mwenyeji alitoka ndani akiwa na kikombe cha uji, akanikaribisha kwa uchangamfu, akauliza mimi ni nani. Bibi alimjibu kabla yangu. Alisema mimi ni binti aliyepotea njia, natafuta gari la kwenda Ngara, na kwamba nikimaliza uji nielekezwe kituoni.

Nilikunywa uji ule wote. Ulikuwa wa moto, nikaunywa hivyo hivyo. Nilipoinuka, bibi alinipa mkono wake mzima, kama mtu anavyompa mgeni.

"Usije tena," alisema. "Si kwa ubaya. Usije tu."

Barua ya chuo ninayo bado, sikuitumia. Nafundisha shule ya msingi huku Ngara, kwa kujitolea kwanza, sasa kwa ajira. Walokole wananiona nimepoa, baba anadhani homa ilipita kama alivyosema, nami nimemwacha adhani hivyo. Wakati mwingine vijana wa huduma ile huja shuleni kuomba uwanja kwa ajili ya mkutano, na mwalimu mkuu huniita niwasaidie kwa kuwa nina uzoefu. Nawaambia sina uzoefu wowote.

Sijui kama bibi yu hai. Kuuliza ningeweza, kuna watu wanaopita kule kununua mpunga. Lakini anayeuliza huulizwa, kwa hiyo sijauliza. Na kijiji alichokimbilia sijakitaja kwa mtu yeyote.